Kiwanja cha Shule si Ardhi ya Ziada

Mwezi wa Novemba, 1974, Halmashauri Kuu ya Taifa ya TANU ilikutana mjini Musoma, ikatoa azimio ambalo hata leo lajulikana kwa jina la mji huo. Wengi hulikumbuka kwa agizo moja tu, yaani kwamba kila mtoto apate elimu ya msingi ifikapo mwisho wa mwaka 1977. Lakini Azimio la Musoma lilisema pia ya kuwa mtihani wa kalamu peke yake hautoshi kumpima kijana. Sehemu hiyo ya pili ndiyo tunayotaka kuwakumbusha wanachama leo, na twaanzia papo hapo Musoma, katika kata ya Kamunyonge, kisha tutoke mjini kuelekea vijiji vya Bunda na Butiama, ambako jambo lenyewe ni zito zaidi.

Hapana ubishi kwamba kazi kubwa imefanyika. Tangu Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari ulipoanza mwaka 2004, sekondari zimesogezwa karibu na wananchi, kata kwa kata. Ada ya shilingi 20,000 kwa mwaka, iliyokuwa ikitozwa katika shule za kutwa, ilifutwa Januari 2016. Mtoto wa mvuvi na wa mkulima wa pamba amevaa sare, naye yumo kidato cha kwanza. Tujiulize basi: akishaingia, anaishi maisha gani humo?

Mwanafunzi wa kutwa huamka kabla ya jua. Akiwa kijijini huenda ameshateka maji au kutoa mifugo zizini kabla ya kushika njia. Kando ya ziwa wako wavulana ambao, katika giza la mwezi, huwa wamekesha na taa za kuvulia dagaa, nao hufika darasani macho mekundu. Vipindi vikiisha, huja masomo ya ziada kwa ajili ya mtihani wa kidato cha nne. Kipindi cha michezo kimeandikwa katika ratiba, lakini wino huo haumchezeshi mtu. Tena likihitajika darasa jipya, macho yote hutazama palipo wazi, na palipo wazi ni uwanjani. Baada ya majengo mawili au matatu hubaki goli moja limesimama kama mlango wa nyumba iliyobomoka.

Watu wa Mara hawana haki ya kuudharau uwanja. Suleiman Nyambui alizaliwa Majita, kando ya ziwa hilihili, mwaka 1953. Katika Michezo ya Olimpiki ya Moscow, 1980, alikimbia mita 5,000 akawa wa pili, nyuma ya Miruts Yifter wa Ethiopia kwa muda usiotimia sekunde moja. Michezo hiyohiyo Filbert Bayi alipata medali ya fedha katika mbio za mita 3,000 za kuruka viunzi na maji. Hadi Michezo ya Paris ya 2024 Tanzania haikuwa na medali nyingine ya Olimpiki zaidi ya hizo mbili. Na Nyambui hakupata medali tu: mbio zilimfikisha Chuo Kikuu cha Texas, mjini El Paso, Marekani. Wasemao kwamba michezo humpotezea mtoto masomo na watueleze habari hiyo.

Yuko atakayetujibu kwamba Mwalimu Nyerere mwenyewe hakuwa mpenda michezo. Ni kweli. Alipoingia shule ya Mwisenge, Musoma, mwaka 1934, na baadaye Tabora, mwaka 1937, alipenda kitabu kuliko mpira. Lakini huko Tabora alikuwa skauti, na majadiliano ya wanafunzi yalikuwa shauku yake. Nasi hatusemi kila mtoto apige mpira. Twasema awe na saa ambayo si ya ubao wala si ya jembe. Zaidi ya hayo, Mwalimu alikuwa mwanafunzi wa bweni. Butiama iko maili 26 hivi kutoka Musoma, na jioni hakuwa na njia ya kurudi nyumbani kuchunga mbuzi. Bweni lilimpa saa hizo bila ya mtu kuziomba. Mwanafunzi wa shule ya kata hazipati isipokuwa shule imezikata makusudi ndani ya mchana wake.

Hili lawagusa wasichana kuliko wavulana. Mvulana akitoka shule aweza kuokota mpira wa matambara njiani. Msichana anasubiriwa na ndoo, kuni na mdogo wake wa kubeba. Ikiwa hakukimbia wala kucheza netiboli kabla ya kengele ya mwisho, basi siku hiyo hakucheza.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mashindano ya michezo mashuleni yalisimamishwa, kisha yakarudishwa. Sisi hatujaonyeshwa faida iliyopatikana katika miaka ile ya kusimama. UMISSETA ipo leo, lakini timu ya mkoa haitoki hewani. Hutoka katika kata yenye uwanja.

Hatuwatupii walimu lawama. Mwalimu mmoja mwenye madarasa manne yaliyojaa hawezi tena kuwa kocha. Wanachama ndio walio katika bodi za shule na kamati za maendeleo za kata, na kazi hii ni yao. Mipaka ya uwanja ipimwe, iandikwe katika ramani ya shule, na darasa jipya litafutiwe mahali pengine, hata kama ni kupanda kilimani. Wazazi wakubaliane juu ya mahindi na maharage ya chakula cha mchana, kwa maana elimu bila ada haikuleta sufuria, na mtoto mwenye njaa hakimbii. Wafanyakazi waliosoma shule hizo wanunue mipira na nyavu.

Kila Januari kidato cha kwanza kipya huingia. Kabla hakijafika, diwani na mwenyekiti wa bodi waende uwanjani na kamba ya kupimia, wakiwa na mafundi wa darasa linalofuata.