Kokwa la Embe na Fanksheni Isiyokubali Tundu

Hebu tuanze na 1/z. Chora duara kuzunguka sifuri kwenye bapa la namba changamano. Juu ya duara 1/z haina tatizo, ila ukiingia ndani mpaka sifuri, inalipuka, na hakuna ujanja wa kuiziba. Fanksheni inayobadilika kwa kasi ileile, uisogelee nukta kutoka upande wowote ule, tunaiita holomofiki. Kwenye kigeu kimoja, fanksheni ya namna hiyo inaruhusiwa kuwa na tundu.

Mwaka 1906 Mjerumani Friedrich Hartogs alionyesha kwamba ukiongeza kigeu cha pili, ruhusa hiyo inafutwa. Mimi niliposoma hilo mara ya kwanza nilidhani kitabu kimesahau sharti fulani. Mbona 1/z bado ipo? Ipo, lakini sasa tuna z na w, na 1/z inaharibika popote z ikiwa sifuri, w iwe chochote. Hilo si tundu tena, ni bapa zima linalotoboa hadi nje.

Fikiria embe (la vipimo vinne, nivumilie). Fanksheni yetu tunaijua kwenye nyama tu. Kwenye kokwa hatuna habari. Kata embe vipande: kila thamani ya w inatoa kipande kimoja, na ndani yake z peke yake ndiyo inayotembea. Kanuni ya Cauchy inasema thamani za ukingoni mwa kipande zinatosha kukokotoa zile za ndani. Vipande vya pembeni kabisa havigusi kokwa, kwa hiyo Cauchy anaturudishia fanksheni yetu ileile. Vipande vya katikati vinapita kwenye kokwa, lakini ukingo wao bado ni nyama, kwa hiyo hesabu inafanyika bila shida. Tumepata fanksheni mpya inayojaza embe zima. Inalingana na ya zamani pembeni, na fanksheni mbili za holomofiki zikilingana sehemu moja, zinalingana kote ambako nyama imeungana. Kokwa limejazwa, na kwa namna moja tu.

Sasa tuseme hata nyama hatuna, tunalo ganda tu. Kwenye duara, kujua kama thamani za mpakani zinaweza kuingia ndani kunadai ujumlishe kuzunguka duara zima, tena kwa majaribio yasiyo na mwisho. Nukta moja haikuambii kitu. Kwenye tufe la vigeu viwili mambo ni tofauti: ganda lina vipimo vitatu, hivyo kila nukta ina nafasi ya mwelekeo mmoja changamano unaolala juu yake. Unapima mlinganyo wa Cauchy na Riemann kwenye mwelekeo huo. Fanksheni laini ikifaulu kila nukta, inaingia ndani yote.

Hans Lewy mwaka 1956 alionyesha kwamba hata kipande cha ganda kinatosha kuingia ndani kidogo, mradi kiwe kimepinda. Kupinda huko ni lazima: kwenye ganda bapa ambapo w ni namba halisi, fanksheni yoyote ya w peke yake inafaulu mtihani, hata iliyo na kona kali, na haiendi popote. Mwaka uliofuata, kutokana na mlinganyo uleule wa ganda lililopinda, Lewy alitoa kitu ambacho wengi hawakukitarajia: mlinganyo laini wa mstari usio na jibu hata moja.