Usiung'oe Mlakasa Ufuoni

Mlakasa ni mmea unaotambaa juu ya mchanga wa pwani. Maua yake ni ya zambarau na jani lake lina umbo la kwato ya mbuzi, ndiyo maana jina lake la kisayansi, Ipomoea pes-caprae, linataja mguu wa mbuzi. Wengi huung'oa wakidhani ni magugu, ilhali mizizi na mashina yake hushika mchanga usipeperushwe na upepo.

Je, tutajuaje ulikoota zamani? Hifadhi ya Mimea ya Afrika Mashariki, iliyoanzishwa mwaka 1902 na iliyo chini ya Makumbusho ya Kitaifa jijini Nairobi, ina sampuli nyingi za mimea iliyokaushwa. Kila sampuli huandikwa mahali ilipochumwa, tarehe na jina la mchumaji. Sampuli ikionyesha mmea ulikuwapo na leo haupo, hiyo ni dalili ya mabadiliko. Pasipo na sampuli, huenda hakuna aliyewahi kuchuma hapo.

Mwenye ploti ufuoni anashauriwa auache mlakasa utambae. Palipobaki wazi, panda vipande vya shina. Hutoa mizizi kwenye vifundo.