Kipimo Kimoja

Wako wazazi ambao jioni huketi na watoto wao kuunda magari madogo kwa vipande vya plastiki viuzwavyo sandukuni. Kipimo kimoja kitumikacho sana ni 1 kwa 24: gari la mita 4.8 huwa la sentimita 20. Magurudumu, milango na vioo, vyote hufuata kipimo hicho. Kimoja kikikiuka, jicho hutambua mara.

Gundi yake huyeyusha plastiki kidogo, vipande vikashikana. Ikizidi huharibu sura ya gari, na mvuke wake hudhuru. Basi fungueni dirisha. Rangi hupakwa nyembamba, ikaachwa ikauke, ndipo ya pili hufuata. Haraka haraka haina baraka.

Mtoto akikosea, usimnyang'anye kazi. Gari laweza kupakwa rangi upya, lakini mtoto aliyevunjwa moyo huenda asirudi mezani tena.