Vyeti viwili kwa mwanafunzi mmoja: je, mshika mbili moja humponyoka?



Juma lililopita nilikuwa nimekaa kwenye banda la mama lishe mmoja pale Mpemba, hapa Tunduma, nikinywa chai huku nikitazama malori yaliyojipanga kuelekea mpakani. Yule mama aliponisikia nikizungumza akanikazia macho. "Kaka, wewe si ndiye yule wa redioni?" Nikamjibu kuwa ndiye. "Basi leo nisaidie na mimi," akasema.

Kijana wake amemaliza darasa la saba. Shule moja ya binafsi imemweleza kuwa ina mkondo wa amali. Mtoto atasoma kidato cha kwanza hadi cha nne, wakati huohuo atajifunza ufundi wa magari, na mwishowe atatoka na vyeti viwili. Jirani amemwambia huo ni mkondo wa watoto wazito wa kuelewa. Kaka yake naye amemwonya kuwa mshika mbili moja humponyoka. Na fedha aliyoidunduliza kwa kuuza chapati haimruhusu kukosea mara mbili.

Nilimwahidi kuwa nitamjibu hapa, maana najua hayuko peke yake.

Tuanze na utaratibu tuliouzoea. Elimu yetu ni kama nyumba yenye milango inayofuatana. Huingii chuo cha ngazi ya cheti au stashahada mpaka uwe na cheti cha kidato cha nne. VETA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, ilifungua mlango wa pembeni hata kwa aliyeishia darasa la saba, lakini mara nyingi aliyepita mlango huo alikuwa ameipa sekondari kisogo. Mtoto ilimbidi achague daftari au spana.

Wenzetu Marekani walitafuta njia nyingine. Mwaka 1985 jimbo la Minnesota liliruhusu wanafunzi wa sekondari kusoma masomo ya chuo kabla hawajamaliza shule, na somo hilo moja likahesabiwa sekondari na chuoni pia. Mwanafunzi hodari anamaliza sekondari akiwa tayari ameipunguza safari yake ya chuo. Majimbo mengine yakafuata.

Kwetu mpango wa namna hiyo hasa haupo. Kilicho karibu nao ni huo mkondo wa amali. Umo katika Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, Toleo la 2023, ambayo Rais Samia Suluhu Hassan aliizindua rasmi Dodoma mwezi Februari 2025. Utekelezaji ulikwisha kuanza Januari 2024 katika baadhi ya shule za Serikali na za binafsi. Mwanafunzi anasoma Hisabati, Kiingereza, Historia ya Tanzania na Maadili na masomo mengine ya lazima, pamoja na fani aliyoichagua, kama vile umeme, uashi, ushonaji, kilimo au magari. Mwishoni anapimwa pande mbili. Baraza la Mitihani linampa cheti cha sekondari, na umahiri wake katika fani unathibitishwa na baraza linalosimamia elimu ya ufundi, yaani NACTVET. Walioanza Januari 2024 wanafikia mtihani wa kidato cha nne mwaka 2027. Hapo ndipo mti utakapojulikana kwa matunda yake.

Sasa nimjibu yule jirani. Shule ya ufundi katika nchi hii haikuwa jalala la walioshindwa. Waulizeni waliosoma Iyunga kule Mbeya, Ifunda kule Iringa, au Moshi Ufundi. Kuingia huko kulitaka alama nzuri, na waliotoka huko wengi wakawa mainjinia wetu.

Lakini na mimi nina la kusema, kwa kuwa jambo hili limenipitia mwilini. Miaka ya 1970 Serikali ilizipa shule za sekondari michepuo ya kilimo, biashara, ufundi na sayansikimu, ili Elimu ya Kujitegemea iliyotangazwa mwaka 1967 isiishie kwenye vitabu. Mimi nilisoma sekondari miaka ya 1990, mkoa wa Songwe ukiwa haujazaliwa na sote tukiwa Mbeya. Shule yetu ilikuwa bado ina sifa ya mchepuo wa ufundi, lakini karakana ilifungwa kwa kufuli lenye kutu. Tukichungulia dirishani tuliona jiliwa mbili na mashine moja isiyo na mkanda. Tulisoma ufundi ubaoni. Tuliuchora msumeno vizuri sana, ila hatukuwahi kuushika.

Nilipofika kidato cha tatu nikajitafutia cha kwangu. Jioni nilitoroka kwenda kujifunza kupiga chapa kwa bwana mmoja aliyekuwa na mashine tatu. Mwalimu wa zamu alinigundua, nikala viboko. Siwezi kusema alinionea moja kwa moja, kwa sababu Hisabati nilipata F. Hata hivyo, ni kupiga chapa huko kulikoniingiza chumba cha habari kwa mara ya kwanza, kabla sijasomea stashahada ya uandishi.

Hapo ndipo ninapopata jibu la methali ya yule mjomba. Mambo mawili humponyoka mtu yakimvuta huku na huku, moja shuleni na jingine kwa kujiiba. Yakifungwa katika ratiba moja, chini ya walimu wanaojuana, Hisabati inamsaidia fundi kupima, na Kiingereza kinamsaidia kusoma kitabu cha injini.

Kwetu Tunduma jambo hili lina uzito wa pekee. Mji huu humlisha mtoto mapema mno. Kijana wa kidato cha pili anavusha mizigo ya watu Jumamosi moja, anarudi na kwacha mfukoni, kisha anamuuliza mama yake shule itampa nini. Mama anakosa jibu. Baadaye unamkuta kijana huyo gereji, spana boi, anashika taa wakati mwingine anatengeneza. Malori ya Zambia na Kongo yanayopita hapa sasa yana mifumo ya umeme na kompyuta. Asiyejua kusoma mchoro wa nyaya atashika taa hadi uzeeni. Shule inayomwonyesha mtoto kazi ya mikono akiwa bado darasani inampa mama jibu alilokosa.

Hivyo basi, dada yangu wa Mpemba, kabla hujalipa ada nenda shuleni kwa miguu yako. Uliza kama wameidhinishwa kufundisha fani hiyo, na uombe kuona kibali. Omba ufunguliwe karakana, uhesabu vifaa na uhesabu watoto. Uliza mwalimu wa ufundi ni mwajiriwa au anapita mara moja kwa mwezi, na ni gereji gani itawapokea wanafunzi kwa mazoezi. Usisahau kuuliza habari za mwalimu wa Hisabati. Wakikuonyesha kufuli, rudi na fedha yako.

Na wewe mzazi ambaye mtoto wako yuko mkondo wa kawaida, usimtoroshe jioni kama nilivyotoroka mimi. Mtihani wa kidato cha nne huwa Novemba, na kidato cha tano huanza Julai. Miezi hiyo inatosha kwa kozi fupi ya kompyuta, ushonaji au udereva kwa aliyetimiza umri, na haigombani na somo lolote.

Serikali nayo tuikumbushe bila woga. Karakana haiendeshwi kwa kibao cha getini. Inataka vifaa, umeme na mwalimu anayelipwa. Michepuo ya zamani iliharibiwa na kufuli, na watoto wa amali wasije wakaachiwa kufuli jipya.

Dada, kama karakana ile iko wazi na ina vifaa, mpeleke kijana. Ndilo jibu langu.

Tukutane juma lijalo.