Waridi la Jangwani

Apitaye Tseikuru, kaskazini ya Kitui, wakati wa kiangazi, huona nyika imekauka na miti imepukutisha majani. Lakini penye mawe na mchanga mkavu huenda akakuta mti mfupi usio na jani, nao umejaa maua. Huo ndio waridi la jangwani.

Kuutambua si kazi ngumu. Shina lake limevimba chini mfano wa chungu, kwa kuwa humo huweka akiba ya maji. Ua lake lina ncha 5, ni jekundu pembezoni na jeupe kuelekea katikati.

Peter Forsskål wa Sweden, aliyefariki Yemen mwaka 1763, aliuhesabu kuwa aina ya oleanda, ua la kando ya mito katika nchi za Mediterania. Maandishi yake yalichapwa mwaka 1775. Baadaye wataalamu waliitenga mimea hiyo miwili. Hata hivyo ni ya ukoo mmoja, na utomvu wa yote miwili ni sumu idhuruyo moyo.

Basi wachungaji na watoto waonywe wasitafune jani wala ua lake, na akataye tawi anawe mikono kabla ya kula. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.