Jiwe Jeupe la Tiira na Uzi wa Silikoni
Sehemu ya 2

Juma lililopita tuliacha vumbi likiwa bado limetanda juu ya karasha za Tiira. Huko, wilayani Busia upande wa Uganda, dhahabu imelala ndani ya mishipa ya kwatzi, lile jiwe jeupe ambalo wachimbaji wadogo hulivunja kwa nyundo, hulisaga, kisha huikamata dhahabu yake kwa zebaki. Dhahabu huondoka, kwatzi hubaki marundo. Leo naomba tuliangalie hilo linalobaki. Kiini chake ndicho kiini cha ile silikoni ya kuzibia madirisha inayouzwa katika maduka ya vifaa vya ujenzi, Busia ya Uganda na Busia ya Kenya.

Kwanza tuondoe utata wa jina. Elementi tunaiita silikoni, na ule mpira tunauita silikoni vilevile. Mimi hapa nitaiachia elementi jina hilo. Mafuta na mipira yake nitaiita siloksani, kama wanakemia.

Atomu ya silikoni ina mikono minne. Katika kwatzi kila mkono umeshika oksijeni, na kila oksijeni inashikwa na silikoni mbili, hivyo jiwe zima ni wavu mmoja uliofumwa pande zote. Ndiyo maana nyundo hudunda. Ndiyo maana pia vumbi lake likishaingia mapafuni mwili hushindwa kuliondoa, na pafu hukakamaa kwa makovu. Sasa chukua mikono miwili kati ya ile minne, uishikishe methili, yaani kaboni moja yenye hidrojeni tatu. Wavu haufumiki tena. Unapata uzi: silikoni, oksijeni, silikoni, oksijeni, na methili zimening'inia kandokando.

Uzi huu ni wa ajabu. Kifungo cha silikoni na oksijeni kina nguvu ya kilojuli 450 hivi kwa moli, ilhali cha kaboni na kaboni ni kama 350. Kwa hiyo mpira wa siloksani huvumilia nyuzi 200 za joto. Viungo vyake navyo vimelegea, kwa hiyo haukakamai hata kwenye nyuzi 50 chini ya sifuri. Methili hazipatani na maji, basi tone la mvua huviringika juu yake kama juu ya jani la nduma.

Frederic Kipping, profesa wa Nottingham, alitafiti viambata hivi kwa takriban miaka 40. Alitafuta fuwele safi, mara nyingi akapata gundi. Mwaka 1936, katika mhadhara wake mbele ya Royal Society ya London, alisema haoni tumaini kubwa la maendeleo ya karibuni. Simlaumu, katika maabara ya wakati wake gundi ilikuwa takataka. Mwaka 1940 Eugene Rochow wa General Electric, Marekani, alipitisha kloridi ya methili juu ya silikoni yenye shaba, kwenye joto la nyuzi 300 na zaidi. Kilichotoka, kikikutana na maji, huungana kuwa siloksani. Silikoni yenyewe hupatikana kwa kuunguza kwatzi na makaa ndani ya tanuri la umeme, karibu nyuzi 2000.

Siloksani hufika hata mwilini: vijiti viwili vya Jadelle vya kupanga uzazi, anavyopachika muuguzi chini ya ngozi ya mkono, vimetengenezwa kwa mpira wa jamii hii. Homoni hupenya kidogokidogo kwa miaka.

Turudi kwenye madirisha. Fundi akiminya mrija wa siloksani, mara nyingi hunusa siki, na ni siki kweli. Ncha za nyuzi zimefungwa kwa asidi ya siki. Unyevu wa hewa huzifungua, asidi huruka, nyuzi hushikana, na uji hugeuka mpira kuanzia nje kwenda ndani. Kioo nacho kwa sehemu kubwa ni silikoni na oksijeni, na uso wake una vishikio vinavyoungana na ncha hizo. Mpira huo hung'ang'ania kioo miaka mingi, lakini ukiupaka rangi ya nyumba, rangi hukutana na zile methili na kubambuka.

(Itaendelea)