Kidato cha tano na alama zilizoshuka: sayansi inasema nini kuhusu kusoma upya

Mwanafunzi anayepata alama 45 katika Kemia kwenye mtihani wa taifa wa kidato cha nne huandikiwa gredi C, ilhali alama hizo hizo katika kidato cha sita humpa gredi E, kwa kuwa Baraza la Mitihani la Tanzania hutumia viwango viwili tofauti: A huanzia 75 katika ngazi ya kwanza na 80 katika ya pili, na C, ambayo kwa kidato cha nne huanzia 45, kwa kidato cha sita hupanda hadi 60. Sehemu ya mshtuko unaowapata wengi wanaporudishiwa karatasi za mtihani wa kwanza wa kidato cha tano inatokana na tofauti hiyo tu, wala si ushahidi kwamba akili iliyofaulu mwaka uliopita imepungua. Sehemu iliyobaki, ambayo ndiyo kubwa zaidi, inahusu namna ubongo unavyohifadhi maarifa na kuyatoa yanapohitajika.

Mwanafunzi aliyeanguka kwa kawaida huongeza saa za kusoma bila kubadili namna ya kusoma: hukesha, hurudia daftari lile lile kuanzia ukurasa wa kwanza, na hupigia mstari sentensi ambazo tayari zilikuwa zimepigiwa mstari. Mazoea hayo si ya Tanzania peke yake, kwani wanafunzi 177 wa chuo kikuu nchini Marekani walipoulizwa wanavyojisomea, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2009, takriban asilimia 84 walitaja kurudia kusoma maandishi yao, na ni wachache tu, kama mmoja kati ya tisa, waliosema hujipima kwa kukumbuka bila kutazama. Kurudia kunapendwa kwa sababu kila duru inakuwa nyepesi kuliko iliyotangulia, na msomaji huuchukulia wepesi huo kuwa ni uelewa. Wanasaikolojia hutofautisha utambuzi, yaani kuona jambo na kujua kwamba uliwahi kuliona, na ukumbukaji, yaani kulitoa jambo kichwani pasipo kuonyeshwa. Daftari lililo wazi hupima la kwanza. Chumba cha mtihani hudai la pili.

Henry Roediger na Jeffrey Karpicke wa Chuo Kikuu cha Washington kilichopo St. Louis walilipima jambo hili mwaka 2006 kwa namna ambayo mwalimu yeyote anaweza kuielewa. Kundi moja la wanafunzi lilisoma kifungu cha habari katika vipindi vinne mfululizo, na kundi jingine lilikisoma katika kipindi kimoja, kisha katika vipindi vitatu vilivyofuata likaandika yote liliyoyakumbuka bila kukitazama. Baada ya dakika 5 waliorudia kusoma waliongoza, kwa asilimia 83 dhidi ya 71, lakini baada ya wiki moja walibaki na asilimia 40 huku waliojipima wakiwa na 61. La kushangaza zaidi ni kwamba waliorudia kusoma ndio waliotabiri kwamba wangekumbuka vizuri zaidi. Hisia ya kuwa tayari, kwa maneno mengine, ni shahidi asiyeaminika, na mwanafunzi anayesema kwamba alisoma sana ila maswali yakamkimbia huenda anasema kweli tupu.

Kusahau kwenyewe kulipimwa zamani. Mwaka 1885 Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha matokeo ya majaribio aliyojifanyia mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana, akaonyesha kwamba upotevu ni mkali zaidi katika saa za mwanzo, kisha hupungua kasi siku zinavyosonga. Kutokana na kazi hiyo na nyingine nyingi zilizofuata, imethibitika kwamba saa tatu za kusoma mada moja zilizogawanywa katika siku kadhaa huacha kumbukumbu ya kudumu kuliko saa hizo hizo zikimalizwa usiku mmoja.

Hata hivyo, kukumbuka pekee hakutoshi katika masomo ya ngazi hii, na karatasi iliyosahihishwa hulionyesha hilo waziwazi. Swali lisemwe hivi: kokotoa pH ya myeyusho wenye asidi ya ethanoiki ya moli 0.1 kwa lita pamoja na chumvi yake ya sodiamu ya kiwango hicho hicho, ikiwa kiwango thabiti cha asidi hiyo ni 1.8 × 10⁻⁵. Mtahiniwa anaandika 2.87, kwa hatua nadhifu zisizo na kosa hata moja la hesabu, na anapewa sifuri, kwa kuwa jibu ni takriban 4.74. Alichokifanya ni kutumia kanuni ya asidi dhaifu iliyo peke yake, wakati uwepo wa chumvi unaugeuza mchanganyiko kuwa bafa, yaani myeyusho unaopinga badiliko la pH unapoongezewa asidi au besi kidogo. Kanuni zote mbili anazo kichwani. Alichokosa ni kutambua ni ipi inayohitajika, na hakuwahi kulazimika kuitambua, kwa sababu mazoezi yote aliyoyafanya yalikuwa chini ya kichwa cha mada kilichomtajia kanuni kabla hajalisoma swali.

Doug Rohrer na Kelli Taylor walichunguza kasoro ya aina hiyo katika hisabati, wakitumia maswali ya ujazo wa maumbo manne yasiyo ya kawaida, na matokeo yao ya mwaka 2007 yanastahili kubandikwa ukutani katika kila ofisi ya walimu. Waliofanya maswali ya umbo moja hadi yaishe ndipo wakahamia jingine walipata asilimia 89 wakati wa mazoezi, na waliochanganyiwa maumbo yote walipata 60 tu. Wiki moja baadaye wa kwanza waliporomoka hadi asilimia 20, na wa pili walipata 63. Ndiyo maana mitihani ya miaka iliyopita, ambayo haimtajii mtu mada, ni zana bora mno ikiwa itaanza kutumika tangu muhula wa kwanza badala ya kusubiri miezi ya mwisho ya kidato cha sita, na ikiwa majibu yake hayatafunuliwa kabla ya mwanafunzi kuhangaika na swali.

Karatasi yenye alama mbaya, basi, ifanyiwe uchunguzi kabla ya kukunjwa na kufichwa. Kila alama iliyopotea ina chanzo chake: mada haikujulikana kabisa, ilijulikana ikasahaulika, ilichanganywa na nyingine kama ilivyotokea kwa bafa, au muda uliisha. Kila chanzo kina tiba yake, na tiba ya kimoja haiponyi kingine. Wanaojua kwa hakika kabisa jambo ambalo kumbe si kweli wanayo nafuu ya pekee, kwani utafiti wa Brady Butterfield na Janet Metcalfe wa mwaka 2001 ulionyesha kwamba kosa lililofanywa kwa kujiamini sana husahihishika kwa urahisi zaidi pindi jibu sahihi linapotolewa. Nafuu hiyo inahitaji masahihisho yenyewe. Shule inayosoma alama mbele ya darasa na kuzifungia karatasi kabatini huwa imeitupa sehemu yenye thamani ya mtihani.

Usingizi nao ni sehemu ya masomo, kwa kuwa wakati wa kulala ndipo hipokampasi, sehemu ya ndani ya ubongo inayopokea kumbukumbu mpya, husaidia kuziimarisha katika gamba la nje la ubongo. Wataalamu wa tiba ya usingizi nchini Marekani walipendekeza mwaka 2016 saa 8 hadi 10 kwa vijana wa miaka 13 hadi 18, kiasi ambacho ratiba za shule nyingi za bweni hazikikaribii. Hofu nayo hudhuru, maana kotisoli, homoni ya msongo, inapopanda huweza kuzuia kutolewa kwa jambo ambalo limehifadhiwa vizuri. Mwaka 2011 ilitangazwa kwamba kuandika hofu zako kwa dakika 10 kabla ya mtihani huinua alama, lakini jaribio la marudio lililochapishwa mwaka 2018 halikupata matokeo hayo, hivyo dawa hiyo haifai kutegemewa. Kujipima mara kwa mara katika mazingira yanayofanana na ya mtihani kuna ushahidi imara zaidi.

Mbinu hizi zina mpaka wake, kwa kuwa hakuna mpangilio wa kujisomea unaoweza kukumbusha mada ambayo haikufundishwa. Pale ambapo uchunguzi wa karatasi za darasa zima unaonyesha alama zilipotelea kwenye mada zile zile, kwa mfano umeme katika Fizikia ya shule iliyokaa muhula mzima bila mwalimu wa somo hilo, orodha ya makosa hayo inamhusu mwalimu wa taaluma na mkuu wa shule kabla ya kumhusu mwanafunzi.